Hukumu Ambayo Profesa Ohlendorf Hakuisoma

Wako watu wahesabuo miaka kwa mavuno, na wengine kwa wajukuu. Gesine Ohlendorf, profesa wa sheria katika mji mdogo ulioegemea kilima kando ya mto Lahn, aliihesabu kwa matoleo. Toleo la kwanza lenye jina lake, katika kitabu kile kinene cha ufafanuzi wa sheria, lilitoka akiwa na mimba ya bintiye Friederike. La pili lilitoka mwaka aliozikwa baba yake mzazi, theluji ikakataa kuyeyuka mpaka Pasaka. La tano liliwakuta wamehamia mtaa wa juu, kwenye nyumba ya ngazi themanini na mbili, na la nane lilimkuta mumewe Wieland, fundi wa kurekebisha sauti za piano, amestaafu na kuanza kuzungumza na ndege. Na baina ya toleo na toleo miaka ilipita taratibu, mfano wa ukungu wa Oktoba upandao kutoka mtoni: humeza daraja kwanza, kisha mapaa, kisha mnara wa kanisa, hata mtu afunguapo dirisha asubuhi haoni mji, huona weupe tu na kengele ikilia ndani yake.

Kitabu kilikuwa cha waandishi wengi, lakini sehemu ya Gesine ilikuwa kifungu kimoja tu. Huenda msomaji akastaajabu mtu mwenye akili timamu kuutumia umri wake juu ya kifungu chenye sentensi sita. Lakini ndivyo walivyo wanazuoni wa sheria wa nchi ile. Kila mmoja hupewa kipande chake kama mkulima apewavyo konde. Hukilima, hukipalilia, na siku yake ikifika humwachia mwanafunzi wake. Gesine alikirithi kutoka kwa Profesa Harro Lüdeke, aliyemsimamia katika shahada ya udaktari, na ambaye kwa desturi ya pale mtu humwita baba. Baba huyo alikuwa amelala makaburini miaka ishirini na tatu, lakini kila Gesine alipoandika sentensi alihisi yuko nyuma ya kiti, na kiko chake kikinuka tumbaku tamu.

Kifungu chenyewe kilihusu nyumba za kupanga. Kilisema kwamba mpangaji afapo, mtu aliyeishi naye na kuendesha naye maisha ya nyumba moja ana haki ya kuushika mkataba na kubaki. Swali gumu lilikuwa hili: mpangaji akiugua, akapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akafia huko, je, maisha yale ya nyumba moja yalikuwa bado yapo? Katika aya ya kumi na nne Gesine alijibu kama alivyojibu mwalimu wake, kwamba hayapo. Atokaye pasipo tumaini la kurudi amehama, na aliyeachwa nyuma hana haki. Chini ya ukurasa palikuwa na tanbihi ya mstari mmoja, ikitaja hukumu ya miaka ya hamsini, jarida la kisheria lililokwisha kufa, na ukurasa wa 241. Vitabu vingine saba vilimfuata, na mahakama zikavifuata vitabu. Ndivyo ilivyozaliwa ile waiitayo kauli ya wengi.

Mwezi wa Oktoba, katika mwaka ambao toleo la tisa lilikuwa kwa wachapaji, gazeti la mji lilimpigia simu. Maprofesa wa sheria wa pale wamezoea simu za namna hiyo. Likizuka shauri lolote, mwandishi wa habari hutafuta mwenye cheo wa kuliambia taifa kama ni haki au si haki, tena kwa maneno yasiyozidi mistari mitatu. Safari hii shauri lilikuwa la Alfons Radomski, fundi wa lifti mstaafu, mwenye umri wa miaka sabini na minane. Aliishi miaka kumi na tisa na Hannelore Quast, mwenye mkataba wa nyumba, bila ya kuoana. Bibi yule alipatwa na kiharusi, akatunzwa miezi kumi na minne nje ya nyumba, akafariki. Mwenye nyumba alimtaka Radomski aondoke, mahakama ya kwanza ikamkubalia, na rufaa ingesikilizwa mwanzo wa Desemba. Gesine alijibu huku akimenya tufaha, simu kaibana begani. Alisema jambo hilo linahuzunisha, lakini kisheria liko wazi. Maneno yake yalichapishwa pamoja na picha yake ya miaka kumi iliyopita.

Jumatano iliyofuata, saa nane mchana, ilikuwa saa yake ya kupokea wanafunzi. Kwenye benchi la ukumbini, kati ya vijana wenye kompyuta magotini, alikaa mzee mwenye mabega mapana, kofia mkononi, akingoja zamu yake kama mwenzao.

Gesine alimkaribisha ndani, akamwambia kwa heshima kwamba hakumbuki kumwona darasani.

"Ningekuwa mwanafunzi wako ningekwisha kufeli zamani," alisema mzee. "Na nimefeli kweli. Mahakama imenifelisha kwa kitabu chako. Mimi ndiye Radomski."

Alitoa mfukoni nakala ya aya ya kumi na nne, aliyopewa na wakili wake na kuipigia mistari kwa kalamu nene ya fundi. Hakulia wala hakugomba. Alisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu aelezaye mashine. Kule kwa wazee walitaka kuzipiga namba nguo za Hannelore na kuzifua pamoja na za watu wengine, naye akakataa. Kila baada ya siku mbili alipanda basi na mfuko wa nguo chafu, akazifua nyumbani, akazipiga pasi, akazirudisha. Hannelore alizinusa kwanza ndipo akubali kuzivaa. Ufunguo wa nyumba ulikaa kwenye droo kando ya kitanda chake cha ugonjwa, na ulimi ulipokuwa mzito bado aliuliza kila mara kama maua ya dirisha la jikoni yamemwagiwa maji, na bado aliamua wao wawili watakula nini Krismasi.

Gesine alimwambia kwamba anasikitika sana, ila hawezi kumshauri katika shauri lililoko mahakamani.

"Sikuja kuomba ushauri. Wakili ninaye, kijana mzuri, anakohoa tu sana." Radomski aliweka kidole juu ya tanbihi. "Nimepanda na kushuka kwenye mashimo ya lifti miaka arobaini, Profesa. Lifti ikikwama usiiamini karatasi ya fundi aliyekutangulia. Unashuka mwenyewe ukaitazame kamba. Basi nakuuliza kitu kimoja tu. Huyu mtu wa hukumu hii ya huku chini, alikuwa mgonjwa?"

Gesine aliitazama tena tanbihi yake. Aliijua namba ya hukumu ile kama aijuavyo siku ya kuzaliwa kwa bintiye. Mwenye hukumu hakumjua.

"Nitatazama," alisema.

"Haya. Mimi nipo. Kwa sasa nipo," alisema mzee, akavaa kofia yake.

Majarida yaliyokufa yamelala chini kabisa ya maktaba ya kitivo, kwenye makabati ya chuma yatembeayo juu ya reli, na mtu huyafungua kwa kuzungusha usukani kama nahodha. Huko hakuna dirisha wala saa. Gesine alizungusha, makabati yakaachana kwa mguno mrefu, akaingia katikati, na ilikuwa kana kwamba ameingia baina ya mwaka na mwaka. Alilipata juzuu, akafunua ukurasa wa 241. Palikuwa na shauri la mizinga ya nyuki. Watu wawili walibishana ni nani mwenye kundi lililohamia bustani ya jirani.

Alisimama kitambo kirefu, nyuki wale wa karatasi wakimzunguka. Kisha alianza kufunua jani kwa jani, mbele na nyuma, mpaka alipoikuta hukumu yake katika ukurasa wa 214. Aliisoma akiwa wima. Mpangaji yule hakuwa mgonjwa. Alikuwa baharia aliyehamia ng'ambo na mke mpya, akamwachia rafiki yake fanicha na paka. Na mwishoni majaji wa zamani wale walikuwa wameandika, kwa upole kama watu wanaofunga mlango wasimwamshe mtoto, kwamba kwa yule aliyetolewa nyumbani mwake na maradhi habari ni nyingine, nao hawaisemi.

Alipanda juu akavishusha vitabu vile saba kimoja kimoja. Vyote viliandika 241. Wote saba, miaka yote ile, walikuwa wakimtuma msomaji kwenye nyuki, wala hakuna msomaji aliyerudi kulalamika.

Wanazuoni wa kale walipoletewa habari waliuliza: nani aliyekupa, naye nani aliyempa, na wa mwisho wao je, aliona kwa macho yake? Hapa palikuwa na mnyororo wa watu waheshimiwa, kila mmoja amemshika mkono mwenzake, na wa mwisho ameshika hewa. Kukosea ni sifa ya binadamu, na kila mwenye elimu ana makosa yake. Lakini miongoni mwa watu wa kazi ile, kunukuu usichokisoma ni kama mtu kuwasalisha watu naye hana udhu. Kosa hilo haliadhibiwi na mahakama yoyote, lakini hakuna alitendaye akalitaja.

Alasiri ile alijilaza kwenye kochi, ukungu ukiwa umelala dirishani, na usingizi ukamchukua. Aliota anashuka ndani ya kitabu chake mwenyewe. Alivuka ule mstari mwembamba utenganishao maneno na tanbihi, akakuta chini yake pana mtaa mzima wenye taa hafifu, na watu wanaishi humo. Mwanamke alikuwa akianika magauni ya kulalia. Baharia alipita na paka begani. Lüdeke naye alikuwako, anatembea mbele na kiko chake, na kila Gesine alipomwita aligeuka akamwonyesha kadi nyeupe isiyoandikwa kitu. Alipoamka hakujua kama ni asubuhi au jioni, na kengele zilikuwa zikilia ndani ya ule weupe.

Wieland ndiye wa kwanza kuambiwa, wakati wa kifungua kinywa. Alisikiliza mpaka mwisho, mkate ukiwa mkononi.

"Miaka thelathini na nne unanionyesha mimi nilipokosea kuegesha gari," alisema, "na leo ni wewe. Ngoja kwanza, mke wangu, niifaidi kidogo."

"Sicheki, Wieland."

"Najua hucheki. Basi niambie, shida iko wapi? Rekebisha."

Shida ilikuwa kwamba palikuwa na njia mbili. Nakala za mwisho za toleo la tisa zilikuwa bado hazijapigwa chapa, na desturi ya vitabu vile ni ya huruma: mwandishi aachaye kauli yake huandika kwenye tanbihi maneno manne tu, tofauti na toleo lililopita, basi, wala haulizwi sababu. Angeweza kuyatia kimyakimya. Asingeaibika mtu, si yeye wala mwalimu wake. Lakini kitabu kingetoka majira ya kuchipua, na rufaa ilikuwa mwanzo wa Desemba. Kufikia hapo Radomski angekuwa amekwisha kutolewa. Njia ya pili ilikuwa kusema sasa, katika jarida la kila wiki lisomwalo na majaji, na huko maneno manne hayatoshi. Huko mtu hutoa sababu, na sababu ilikuwa: sikusoma, wala mwalimu wangu hakusoma.

Wieland aliacha kutania. Alimshauri aende kwa Mama Lüdeke.

Irmela Lüdeke, mjane wa profesa, alikuwa na miaka tisini na mmoja na aliishi juu ya duka la mikate. Gesine humtembelea Jumapili baada ya ibada, na Jumapili ile alichukua keki ya plamu. Marehemu alitazama kutoka ukutani katika joho lake. Gesine alieleza habari yote akiwa ameinamia kikombe, kama mtoto aliyevunja sahani. Mama Lüdeke aliomba kioo chake cha kukuzia, akaisogeza nakala puani, kisha akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika.

"Hii mia mbili arobaini na moja ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga chapa. Harro alikuwa amevunjika mguu kiangazi kile, kapanda baiskeli ya mtoto kushuka mlimani, profesa mzima. Maktaba asingeweza kwenda. Alilala pale ulipokaa, akinisomea kadi zake, na kadi alizinakili kwa mwalimu wake yeye. Nami nilikuwa na sufuria jikoni."

Gesine alimwuliza kama marehemu angemsamehe.

"Angenuna siku tatu. Kununa alikujua. Siku ya nne angeandika makala ya kurasa arobaini kuthibitisha kwamba kosa aliligundua yeye." Mama Lüdeke alikata kipande kingine cha keki, akakitia kwenye sahani ya mgeni bila kuuliza. Kisha uso wake ukatulia. "Unamlinda Harro na kitu gani, mwanangu? Marehemu hana nyumba ya kutolewa. Huyo mzee wa watu anayo."

Gesine alirudi kwa miguu, akipita njia ndefu ya mtoni. Sasa pazia la mwalimu lilikuwa limeondolewa, akaona kilichokuwa nyuma yake: haikuwa hofu ya jina la Lüdeke peke yake, ilikuwa hofu ya jina la Ohlendorf. Alikuwa akiimaliza kazi yake kwa sifa, mwakani angestaafu, na wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamekwisha kupanga hafla. Alisimama darajani akitazama maji yasiyoonekana, akiyasikia tu. Akamwomba Mungu ampe uoga mdogo kuliko huu, akaenda nyumbani akaketi mezani na koti lake mwilini.

Makala ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, na ilianza hivi: "Hukumu niliyoinukuu kwa miaka ishirini na minane sikuwa nimeisoma." Aliutaja ukurasa halisi. Alisema kwamba Radomski alikuja ofisini kwake na swali, ili asije mtu akadhani ameficha. Kisha akajenga hoja yake upya, tofali kwa tofali: nyumba ya pamoja haivunjwi na maradhi maadamu nyuzi zake zinaendelea kwenda na kurudi baina ya kitanda cha mgonjwa na jiko la nyumbani, na mahakama sharti izitafute nyuzi hizo, katika funguo, katika maamuzi ya kila siku, katika nguo zilizofuliwa. Juu ya mwalimu wake aliandika sentensi moja, kwamba alimfundisha kushuka kwenye chanzo, naye mwanafunzi hakushuka. Alipiga simu pia gazetini, akayarudisha maneno yake kwamba jambo liko wazi. Waliyachapa kwa mistari kumi, safari hii bila picha.

Makala ilipotoka, kitivo kilinyamaza kama nyumba yenye mgonjwa. Katika ukumbi wa chakula, Profesa Dankwart Seiler, mwenzake na mwandishi wa kimoja cha vile vitabu saba, alikaa mbele yake na sahani ya viazi.

"Umetuvua nguo wote, Gesine, na ni Novemba."

"Vaa ukurasa wa 214," alimjibu. "Unapasha joto."

Seiler alicheka pasipo kutaka. Alisema atafikiri, lakini kauli ya wengi ni kauli ya wengi, haiangushwi na mtu mmoja kwa sababu tu mtu huyo ndiye mama yake.

Hukumu ya rufaa ilifika kabla ya Krismasi, katika bahasha ya yule wakili wa kikohozi. Majaji waliandika kwamba wanaijua kauli ya wengi na hawaifuati. Kwamba mwandishi aliyeiasisi ameiacha mwenyewe. Na kwamba wao nao wameshuka wakaisoma hukumu ya kale mpaka mwisho wake. Alfons Radomski alikuwa na haki ya kubaki. Ndani ya bahasha palikuwa na kikaratasi cha mkono wa fundi, herufi kubwa zilizonyooka, kikisema kwamba amepaka rangi jiko, na Profesa akipita mtaa ule kahawa ipo.

Toleo la tisa lilitoka miti ilipochanua. Katika vile vitabu saba kimoja kilimfuata Gesine. Sita vilibaki palepale, vikarekebisha namba ya ukurasa, na kuendelea kumtaja Ohlendorf wa toleo la nane dhidi ya Ohlendorf wa toleo la tisa. Hivyo alistaafu akiwa katika kauli ya wachache, akipingwa na kauli ya wengi aliyoizaa mwenyewe. Hafla ilifanyika, wageni walikuwa pungufu kidogo, na Radomski alikuwamo, amekaa na Mama Lüdeke, wakibishana juu ya pasi za mvuke.

Tangu hapo, kila Jumatano, Gesine hushuka chini ya maktaba na kuzungusha usukani wa makabati. Kifungu chake kina tanbihi mia tatu na kumi na mbili. Husoma moja, husoma mbili, hapendi haraka. Amekwisha kupata nyingine tano zisizo na chanzo, lifti zisizo na kamba, na kila moja ameitangaza kwa jina lake mwenyewe. Wakati mwingine, mbele ya karatasi zile za kale, husinzia dakika chache, na aamkapo huendelea palepale kidole kilipokuwa.

Ewe Mola usiyesinzia, uliyeandika yote wala hukunukuu kwa mtu, mpe Gesine umri na macho ya kuimaliza kazi yake. Mhifadhi Wieland na ndege wake, na Friederike na watakaotoka kwake. Msamehe Harro aliyemfundisha, umtulize Irmela katika siku zake zilizobaki, na kila aliyetolewa kwake na maradhi umjaalie mtu wa kumfulia nguo. Amina.